Mpya kwa Nani? Vanishi ya Korosho, Oili Chafu na Mabishano ya Hataza

Kijana aliingia kwangu, hapa Moshi, saa nane mchana, jua la Januari likiwaka, amebeba mfuko wa salfeti wenye vipande vya mbao. "Shikamoo, mwalimu." Nilimfundisha kemia alipokuwa kidato cha tatu na bado ananiita hivyo. Akapanga vipande sita juu ya meza ya barazani. Vitatu viling'aa rangi ya asali iliyokolea. Vitatu vilikuwa vitupu, na kimoja kati ya hivyo mchwa walikuwa wamekitafuna hadi kikabaki kama sega. Alikuwa ametengeneza kipako cha mbao kwa mafuta ya ganda la korosho, mafuta ya mwarobaini, na kitu cha tatu ambacho sitakitaja. Sifanyi uchoyo. Nikikiandika hapa, makala haya yenyewe yatakuwa ushahidi wa kumwangusha siku atakapopeleka maombi.

"Nataka hataza, mwalimu. Hakuna mtu aliyewahi kutengeneza kitu hiki."

Maneno hayo nimeyasikia hadi nimeyazoea, hasa miezi inayofuata maonyesho ya Nane Nane pale viwanja vya Themi, Arusha, ambako huwezi kupita mabanda kumi bila kuoneshwa chupa, ndoo au dumu la kitu "kipya". Anayeyatamka hasemi uongo. Hajamwona mwenzake tu. Ila sheria ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi kumiliki uvumbuzi wake kwa muda, haimuulizi mwombaji ameona nini. Inauliza ni nini kilikuwa kinajulikana kabla ya siku aliyowasilisha maombi. Yote hayo yaliyokuwa yakijulikana, yawe kwenye kitabu, kwenye hataza ya zamani, kwenye karatasi ya maelezo ya kiwandani au kwenye mlango wa mtu, nitayaita ujuzi uliotangulia. Huo ndio mwamba ambao majahazi mengi ya rangi, vanishi na vipako huupiga.

Masharti yenyewe si mengi. Uvumbuzi uwe mpya. Uwe na hatua ya uvumbuzi, yaani fundi wa kawaida wa fani hiyo asingeufikia kwa kufuata tu aliyokwisha kuyajua. Na uweze kutumika viwandani. Hivyo ndivyo inavyosema Sheria yetu ya Hataza iliyotungwa 1987, inayosimamiwa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa Tanzania Bara, na hivyo ndivyo wanavyopima ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la miliki bunifu, kule Harare na wenzao wa Ofisi ya Hataza ya Ulaya kule Munich. Sharti la mwisho halimsumbui mtu wa rangi. Yeye huangushwa na yale mawili ya mwanzo, tena huangushwa kirahisi kuliko mtu wa mashine. Mashine ina umbo, na ukibadilisha mkono wake au gia yake kila mtu anaona. Vanishi haina umbo. Ni uwiano: kishikizo kinachokauka na kuganda, kiyeyushi kinachoruka hewani, unga wa rangi kama upo, na viongezi vya kijiko kimoja kimoja. Watu wamechanganya vitu hivyo kwa karne nyingi, kwa vipimo vingi mno, na tangu viwanda vianze kuandika hataza karibu kila kipimo kimeandikwa mahali fulani. Anayekuja na mchanganyiko wake anaingia kwenye daladala iliyokwisha kujaa, na lazima aoneshe kiti chake.

Hatuna hata haja ya kwenda mbali kuwatafuta waliotutangulia. Vanishi iliyong'arisha magari ya farasi na samani za matajiri wa Marekani na Ulaya katika karne ya 19 ilitokana kwa sehemu na sandarusi ya pwani yetu. Watu wa Mrima waliichimba ardhini, utomvu wa msandarusi uliogeuka jiwe, ikapelekwa Unguja, ikapakiwa pamoja na pembe na karafuu. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wateja wakubwa kabla na baada ya mkataba wa biashara wa 1833 kati ya Marekani na Sultani. Kule waliisafisha, wakaiyeyusha kwa moto mkali, wakaichanganya na mafuta ya kitani. Kwa hiyo kijana wa leo akiniambia amegundua kwamba utomvu wa mti wa Afrika Mashariki ukiyeyushwa katika mafuta ya mmea unatoa kipako kigumu kinachong'aa, namuonea huruma, kwa sababu babu yake huenda aliibeba malighafi hiyo begani.

Ganda la korosho nalo lina ukoo wake. Mkorosho, mwembe, na ule mti wa Asia ya Mashariki unaotoa utomvu wa laka ya Kijapani ni wa familia moja ya mimea. Wajapani na Wachina wamepaka laka hiyo kwenye bakuli, majeneza na ngao kwa maelfu ya miaka. Kemikali zake na zile za ganda la korosho ni ndugu: fenoli yenye mkia mrefu wa mafuta. Ndiyo maana vyote viwili humwasha mtu ngozi hadi malengelenge. Waulize akina mama wanaobangua korosho kwa mkono kule Mtwara. Mafuta ghafi ya ganda yana asidi ya anakadi kwa wingi. Ukiyachemsha yafike karibu nyuzi 180 au 200, asidi hiyo hutoa hewa ya kaboni na kubaki kadanoli, na kadanoli ikichanganywa na formaldehidi hutoa resini ngumu. Viwanda vya nje vinaitumia tangu nusu ya kwanza ya karne iliyopita, kwenye bitana za breki, na baadaye kwenye vigandishi vya rangi za epoksi zinazopakwa meli. Kuhusu mchwa, ukali wa mafuta hayo kwa wadudu umeandikwa mara nyingi. Mwarobaini ndiyo usiseme.

Nilimweleza yote hayo kijana wangu. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema jambo ambalo kila mvumbuzi hulisema: "Lakini mwalimu, hakuna aliyepima kama mimi. Mimi nimegundua kwamba mchanganyiko huu haupauki juani." Hapo ndipo nilipomsimulia kesi ya titani.

Kampuni ya Kimarekani ya Titanium Metals iliomba hataza ya aloi, yaani mchanganyiko wa metali, titani yenye nikeli kidogo na molibdeni kidogo, isiyoliwa kirahisi na kutu hata kwenye maji ya chumvi ya moto. Wavumbuzi wake walikuwa wamefanya kazi halali na kupata jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliandika. Ofisi ya hataza ikatoa makala ya Kirusi ya 1970. Makala hayo hayakuwa na neno lolote kuhusu kutu. Yalikuwa na grafu, na kwenye grafu kulikuwa na nukta, na nukta moja ukiisoma vizuri ilikuwa titani yenye nikeli asilimia 0.75 na molibdeni asilimia 0.25. Madai ya kampuni, yaani ile sehemu ya maombi inayoweka mipaka ya kinachoombwa kulindwa, yalisema nikeli kuanzia 0.6 hadi 0.9, molibdeni kuanzia 0.2 hadi 0.4. Nukta iliangukia ndani ya uzio. Mwaka 1985 mahakama ya rufaa inayosikiliza mambo ya hataza kule Washington ikaamua kwamba aloi hiyo si mpya. Warusi hawakujua faida yake? Haidhuru. Aloi ni ileile. Kulikuwa na dai jingine lililotaja kipimo kimoja tu, nikeli 0.8 na molibdeni 0.3, ambacho nukta haikukigusa. Nalo likaanguka, kwa sababu lilikuwa jirani mno na nukta hiyo, na fundi yeyote angetegemea majirani hao wafanane tabia.

Mtu akiisikia kesi hii mara ya kwanza huona ni dhuluma. Mimi naona ni haki, na nitaeleza kwa nini. Chukua chokaa na majivu ya volkano. Sisi tunaoishi kati ya Meru na Kilimanjaro tunakanyaga majivu hayo kila siku. Pale Holili huchimbwa kwa ajili ya saruji. Warumi walijua miaka elfu mbili iliyopita kwamba chokaa na majivu ya volkano huganda hata chini ya maji. Sasa tuseme kampuni fulani inapima lipu hiyo na kugundua kwamba inazuia pia kuvu wa aina fulani. Je, ipewe lipu yenyewe? Fundi wa Machame anayesiliba tangi lake la maji kwa lipu hiyo alipe mrabaha kwa sababu mtu mwingine amenunua hadubini? Sheria inasema hapana: mchanganyiko wa zamani ni wa wote. Kama umegundua matumizi mapya kweli, dai matumizi hayo, na dai namna ya kuyafanya, lakini ndoo iache ilipo.

Tofauti hiyo, kati ya kudai kitu na kudai matumizi ya kitu, ndiyo inayowapotezea fedha vijana wetu kuliko nyingine yoyote. Wanaandika dai la kwanza kama mtego wa samaki: "kipako chenye mafuta ya korosho asilimia 5 hadi 60". Wanadhani upana ni nguvu. Kwenye vipako upana ni kujianika. Kila kipimo kilichowahi kuandikwa na mtu yeyote kati ya 5 na 60 kinaingia ndani ya mtego huo, na samaki mmoja wa zamani akiingia, mtego wote unaoza. Ukijenga uzio mpana unajinunulia majirani wengi.

Wengine wanakimbilia upande wa pili, wanabana vipimo hadi vinakuwa kama uzi. "Asilimia 17.5 kamili." Hapo upya unaweza kupatikana, lakini hatua ya uvumbuzi inauliza: na hiyo 17.5 umeifikiaje? Kama umejaribu 10, 15, 20, ukaona ya katikati inafaa zaidi, hiyo ni kazi ya fundi, si ya mvumbuzi. Kesi ya zamani ya Marekani ya 1955, ijulikanayo kwa jina la Aller, iliweka msingi huo. Walikuwa na njia ya kutengeneza fenoli. Njia ya awali ilitumia joto la nyuzi 100 na asidi ya salfuriki ya asilimia 10. Wao wakashusha joto hadi kati ya 40 na 80, wakapandisha asidi hadi kati ya 25 na 70, wakapata mazao mengi zaidi. Mahakama ikasema kutafuta kipimo bora ndani ya jambo ambalo tayari linajulikana si uvumbuzi, isipokuwa kipimo hicho kilete tokeo la aina nyingine, si la kiasi kingine tu.

Mlango uliobaki wazi ni huo: tokeo lisilotarajiwa. Mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisikiliza habari ya betri ya bwana Adams. Magnesi ilijulikana. Kloridi ya shaba ilijulikana. Zote mbili zilishawahi kutumika katika betri. Yeye akaziunganisha, betri ikakaa kavu ghalani, na ukiitia maji tu ikaamka na kutoa umeme mfululizo hata kwenye baridi. Wataalamu wa serikali walipooneshwa mara ya kwanza walisema haiwezekani. Baadaye serikali hiyohiyo ikaitumia bila kumlipa. Mahakama ikampa haki yake. Viungo vyote vilikuwa vya zamani, lakini waliovijua vizuri ndio waliokuwa wamesema havitafanya kazi hivyo.

Sasa mshangao kwenye vanishi unathibitishwaje? Kwa kulinganisha, na si kulinganisha na ubao mtupu. Hapo nilimkwaza kijana wangu kidogo. Vile vipande vyake vitatu vitupu, kimoja kikiwa kimeliwa na mchwa, vinapendeza machoni, vinafaa kwa banda la maonyesho, lakini mbele ya mkaguzi wa hataza havina uzito. Mkaguzi anataka ulinganishe na kitu kilichotangulia kilicho karibu zaidi na chako.

Na kwa mbao za huku kwetu kitu hicho kinajulikana. Mjomba wangu alikuwa seremala Pasua. Hakuwahi kupandisha kenchi bila kuzipaka oili chafu, ile inayomwagwa gereji gari likifanyiwa sevisi. Mikono miwili, brashi ya katani, kisha mbao zinakaa kivulini siku tatu. Inanuka, inachafua, inadhuru udongo, rangi haishiki juu yake, lakini mchwa hawaipendi na bei yake ni karibu bure. Fundi yeyote kati ya Himo na Usa River anaijua. Kwa hiyo mpinzani wako wa kweli si ubao mtupu. Ni oili chafu, kisha vanishi ya dukani iliyopigwa juu ya sila, kile kipako cha kwanza cha kuziba vinyweleo vya mbao, kisha mafuta ya korosho peke yake, kisha mwarobaini peke yake. Ukionesha kwamba mchanganyiko wako wa vitatu unashinda kila kimoja, na unashinda kuliko ambavyo jumla yao ingeahidi, hapo una la kusema. Viwanda vya rangi vina vipimo vyake vya kawaida: chumba cha mvuke wa chumvi ya asilimia 5 kwenye nyuzi 35, kipimo ambacho Wamarekani wamekifanya kiwango, na ule mchoro wa mistari ya msalaba unaokatwa kwa wembe juu ya rangi, ukabandikwa utepe, ukavutwa ili kuona kama rangi inabanduka. Huo wa pili unafanyika hata barazani kwangu.

Tukaja kwenye sehemu iliyoniuma. Nilimuuliza amemwonesha nani.

"Watu wengi tu, mwalimu. Nilikuwa na banda Nane Nane. Na nimeweka TikTok."

Kwenye video alitaja korosho na mwarobaini. Kitu cha tatu hakukitaja, kwa sababu wakati huo hakuwa amekigundua. Alikipata mwezi wa saba. Basi mchanganyiko wa viwili umekwenda, hata kama ungekuwa mpya, maana video iko hadharani na ina tarehe. Akaniuliza kama akiifuta. Kufuta hakusaidii. Kilichokwisha kujulikana hakirudi kuwa siri, na mpinzani akiweza kuthibitisha kwamba ilikuwapo, imetosha. Marekani wangempa mwaka mmoja wa kujirekebisha tangu siku aliyoitoa yeye mwenyewe. Ulaya hawana huruma hiyo. Maonyesho wanayoyasamehe kwa miezi sita ni yale ya kimataifa yanayotambuliwa na mkataba wa 1928, na Nane Nane ya Themi haimo.

Lakini mwezi wa saba unatangulia wa nane. "Pale bandani ulikuwa na kile chenye vitatu?" Alikuwa nacho. Waliomuuliza kimetengenezwa na nini aliwaambia ni siri, na kwa kauli hiyo nilipumua. Kisha akaongeza kwamba aligawa chupa ndogo mbili kwa watu waliopenda.

Chupa mbili hizo ndizo zilizonifanya nirudi kusoma. Kwa muda mrefu wanasheria wa Ulaya walibishana: bidhaa ikiwa mikononi mwa watu, lakini hakuna awezaye kujua ndani yake kuna nini wala kuitengeneza upya, je, imeshakuwa ujuzi uliotangulia? Uamuzi wao wa 1992 ulitoa jibu lililoacha mwanya: muundo wa kemikali wa bidhaa ni wa umma pale ambapo bidhaa inaweza kuchambuliwa na kutengenezwa upya. Siri ya mtungi, mtu angesema, aijuaye kata, na kata haisemi. Mwanya huo ukatumika miaka zaidi ya 30. Kisha ikaja kesi ya plastiki inayofunika seli za paneli za sola, kama hizi zilizojaa kwenye mapaa ya Kibosho na Marangu. Kulikuwa na polima iliyokuwa ikiuzwa sokoni, karibu kabisa na ile iliyodaiwa, na mwenye hataza akasema haihesabiki kwa sababu hakuna aliyeweza kuitengeneza upya sawasawa. Tarehe 2 Julai 2025 Bodi Kuu ya Rufaa ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya ikaziba mwanya: bidhaa iliyowekwa sokoni haiwezi kutolewa kwenye ujuzi uliotangulia kwa sababu tu muundo wake haukuweza kuchambuliwa na kutengenezwa upya. Marekani walikuwa wameshakaza upande wao 2019, Mahakama yao ya Juu iliposema kwamba hata mauzo yaliyofanywa kwa siri yanaweza kuua upya.

Uamuzi wa Munich haumfungi mkaguzi wa Harare. Lakini wakaguzi husoma maamuzi ya wenzao, na mtu anayetaka kuuza Ulaya siku moja hana budi kuishi kwa sheria ya huko tangu leo. Mimi naukubali uamuzi huo. Kama kopo lako nimelinunua, nimelipaka mlangoni na mlango unang'aa, haiwezekani kesho uje na karatasi useme mlango wangu haukuwapo.

Ila sheria inatofautisha kuonesha na kujaribu, na hapa kuna mzee mmoja wa Boston ambaye kila mvumbuzi wa Unga Limited, Arusha, angepaswa kumjua. Samuel Nicholson alibuni sakafu ya barabara ya vipande vya mbao vilivyopangwa na kumiminiwa dutu kama lami kati yake. Mwaka 1848 aliweka kipande cha urefu wa kama mita 23 kwenye barabara ya kulipia, kwa fedha zake, magari ya farasi yakapita juu yake kila siku. Alipata hataza 1854, miaka sita baadaye. Walipompinga kwamba barabara ilikuwa ya umma muda wote huo, shahidi aliyekuwa akikusanya ushuru pale alisema Nicholson alikuja karibu kila siku, akatembea juu ya mbao, akazigonga kwa fimbo, akauliza watu wanazionaje. Mahakama ya Juu ikamwamini: barabara haiwezi kujaribiwa chumbani. Alikuwa anapima, hakuwa anauza, na hakuiacha itoke mikononi mwake. Chupa mbili za kijana wangu zilitoka mikononi mwake.

Nasikia tayari wasomaji wanaosema kwamba sheria hizi zimetengenezwa kuwabana wanyonge. Sikubali moja kwa moja. Gharama zinabana, kweli. Kutafuta ujuzi uliotangulia katika Kirusi na Kijapani si kazi ya mtu mwenye karakana ya mabati. Hataza nayo ni ya nchi kwa nchi: ukisajili Tanzania peke yake, mtu wa Taveta, ng'ambo tu ya Holili, anatengeneza kipako chako kwa amani, labda upitie ARIPO na kuitaja Kenya. Lakini sharti lenyewe la upya ndilo ngao pekee ya mtu ambaye hana fedha za kesi. Ndilo lililoirudisha manjano kwa Wahindi. Mwaka 1995 hataza ya kutumia manjano kuponya vidonda ilitolewa Marekani kwa watafiti wa chuo kikuu cha Mississippi. Kila bibi wa Kihindi alijua habari hiyo, na pwani yetu pia wanaijua. Hata hivyo sheria ya Marekani ya wakati ule, iliyodumu hadi Machi 2013, haikuhesabu matumizi yaliyofanyika nje ya nchi yao. Ilihesabu maandishi. Baraza la utafiti la India likapeleka maandishi, ya Kisanskriti ya kale pamoja na makala ya jarida la madaktari ya 1953, na 1997 hataza ikafutwa. Wahindi hawakuishia kusherehekea. Kuanzia 2001 wakajenga maktaba ya kidijitali ya maarifa yao ya asili, ili wakaguzi wa nje wayaone kabla ya kutoa hataza.

Sisi tumeandika nini? Oili chafu ya mjomba, ikilinganishwa na mchwa gani, mbao gani, miaka mingapi? Chokaa inayotiwa chumvi ili isitoke mkononi ukiigusa ukuta? Nta ya nyuki na mafuta kwenye vinyago? Mafundi wenye majibu wamejaa Mbuyuni na Kiboriloni, na wanakufa nayo. Nasisitiza kwamba daftari la fundi lililofungwa kabatini halihesabiki; ujuzi uliotangulia ni ule ambao umma uliweza kuufikia. Lakini hauhitaji kuwa kitabu cha maelfu ya nakala. Mwaka 1986 mahakama ya Marekani ilikubali kwamba tasnifu moja ya udaktari, iliyowekwa na kuorodheshwa kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, ilitosha kuangusha maombi ya hataza. Nakala moja, kwenye rafu. Taasisi ya sayansi na teknolojia ya Nelson Mandela kule Tengeru ina maktaba. TEMDO, shirika la usanifu wa mashine, wako Arusha, wahandisi wamejaa. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili angeweza kukaa miezi sita na maseremala wa Pasua na Ngarenaro, akaandika wanachopaka, kwa vipimo na tarehe, na kuanzia siku tasnifu inapoorodheshwa hakuna kampuni ambayo ingeweza kuja kudai ndoo hiyo kuwa yake.

Ndiyo maana ushauri niliompa kijana haukumfurahisha. Nilimwambia mchanganyiko wa viwili auandike wote, vipimo vyote, na auweke hadharani kwa jina lake, kwa kuwa hawezi kuumiliki, na ili asije mwingine akajaribu kuumiliki. Cha tatu anyamaze. Aniandikie karatasi ya kutunza siri niisaini mimi, ingawa ni mwalimu wake, na kila atakayemwonesha baada yangu asaini kwanza. Maombi yake yasidai kipako chenye vitu vitatu kwa upana. Yadai namna ya kukitia kile cha tatu, kwa joto lile na kwa mpangilio ule, maana hapo ndipo aliponishangaza mimi. Kile kitu kinaifanya korosho ikauke kwa saa badala ya siku, na kwa kemia niliyoifundisha miaka yote ilipaswa kufanya kinyume chake.

Chupa ya kwanza ameipata. Ilikuwa kwa fundi wa milango wa Njoro, aliyeitumia yote kwenye fremu moja na hakumbuki hata kuuliza ilikuwa nini. Ya pili alipewa bwana mmoja aliyevaa kofia, aliyesema anatoka Arusha, na hakuacha namba.

Juzi tulichimba shimo nyuma ya banda langu la kuku, ambako mchwa hawakosekani, tukafukia vipande kumi na viwili: vitupu viwili, vya oili chafu viwili, vya vanishi ya dukani viwili, vya korosho, vya mwarobaini, na viwili vyenye vitu vyote vitatu. Kila kimoja kina namba iliyopigwa kwa msumari. Nimemwambia aandike tarehe kwa wino, asiandike kwa penseli. Viwili vya mwisho nilivikata mwenyewe na kuvifukia kona yao, mbali kidogo, kwa sababu jirani yangu ana mazoea ya kuchungulia juu ya ua na kuuliza maswali.